Hanibali Mwenye Nyonga ya Chuma

"Vua hilo joho, Jupp!"

"Sivui!"

"Ukianguka pale juu watu watasema mwenyekiti Gisbert kamuua mfagia dohani wetu!"

"Nikianguka nitaangukia tembo, Gisbert. Wewe utaangukia aibu!"

Wanapigizana kelele kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi wa chama cha kanivali, kijijini kwao jirani na mji wa Kolon, Ujerumani. Jupp Klütsch, mzee wa miaka sitini na saba, kalishika joho lake la dhahabu kwa mikono miwili. Kucha bado nyeusi. Asubuhi alikuwa juu ya mapaa anasafisha dohani za moshi, na watu wakamsimamisha njiani wamguse vifungo vya koti. Kumgusa mfagia dohani ni bahati, kila mtu anajua.

Pembeni kakaa mwimbaji wa kukodi kutoka Kolon, meno meupe pee, anatafuna mkate na soseji kama hayamhusu.

Ugomvi wenyewe ni wimbo. Wimbo wa disko, wa enzi zile Jupp bado anajifunza kazi: jemadari Hanibali kavuka milima ya Alpi na tembo, Roma inatetemeka, tarumbeta juu, suruali zinameremeta. Wasomi waliuita takataka. Jupp alimwomba mama yake pazia la sebuleni, wakashona joho. Tangu hapo kila kanivali, sherehe ya mavazi ya kuigiza kabla ya Kwaresima, Hanibali ni yeye, anapanda tembo ambaye ndani yake ni wazimamoto wawili chini ya blanketi la kijivu.

"Juu ya paa mimi ni masizi tu," anasema. "Nikivaa hili, hata paka wananipisha."

Ila vuli iliyopita aliteleza kwenye vigae vilivyolowa, akaanguka. Nyonga ikavunjika, wakamwekea ya chuma. Miezi mitatu hakupanda ngazi, akaishi kwa posho ya ugonjwa; ndiyo kwanza karudi kazini wiki hii. Ndiyo maana Gisbert kaamua: mwaka huu aimbe mgeni, na joho apewe mgeni. Likishatoka mabegani, Jupp anajua halirudi.

"Nakuogopea, ndugu yangu," Gisbert anasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nilikuja kukuona hospitali. Nililia kwenye gari."

"Basi leo lia kwa furaha."

"Nimesema hapana! Mimi ndiye mwenyekiti!"

Hapo mlango unafunguliwa, pwaa. Anaingia Hiltrud, mke wa Gisbert, kavaa kama mharamia, mkasi mkononi, nyuma yake kundi la wanawake wanacheka.

Gisbert anashika shingo yake. Kachelewa. Leo ni Alhamisi ya wanawake, siku ya kanivali ambayo wao hutawala na kukata tai za wanaume; funguo za ofisi ya meya wamezichukua tangu asubuhi, na mwanaume mwenye akili leo huvaa tai kuukuu. Gisbert katoka kazini mbio mbio, hasira kichwani, na tai yake mpya ya hariri.

"Hiltrud, mpenzi, siyo hii! Umeninunulia mwenyewe!"

"Ndiyo maana nina haki nayo."

Kwacha! Kipande kinaanguka chini. Hiltrud anambusu shavuni, ndiyo fidia yake.

"Mwenyekiti asiye na tai hana sauti mpaka kesho," anasema. "Jupp anapanda. Wazimamoto watembee taratibu, na wewe mume wangu utamshika mguu."

"Na mimi je?" mwimbaji anauliza, mdomo umejaa.

"Wewe kula, baba. Mcheza kwao hutunzwa."

Wanawake wanapiga vigelegele. Gisbert anakitazama kitai chake, anakuna kichwa, halafu anacheka mpaka machozi. Anainama, anamfunga Jupp kamba za viatu.

Pasaka ikipita Jupp anastaafu mapaa. Kiangazi, anasema, atapanda Alpi kwa miguu, na akifika juu kabisa atauimba wimbo wote.

"Hanibali alivuka na tembo. Mimi nitavuka na nyonga ya chuma. Gisbert atabeba chakula."

"Nani kasema?"

"Huna sauti wewe!"

Ukumbini watu wameanza kupiga miguu sakafuni kama kundi la tembo, du, du, du, mpaka glasi zinalia. Jupp anatemea viganja, anaweka joho sawa, anamtanguliza Gisbert, anatoka kwenda kwa tembo wake, na mlango anaufunga mwenyewe.