Mkono Usio na Harufu

Kazi yangu ni kunusa fisi. Nimeacha kuisema kwa maneno makubwa, maana hata nikijiita mtaalamu wa tabia za wanyama, majirani zangu wa mtaa wa Free Area huuliza tu kama kweli mtu analipwa kwa hilo. Analipwa. Fisi huinua mkia, akapitisha unyasi chini yake na kuupaka ute mzito. Mwenzake akipita baadaye hunusa akajua nani alikuwa hapo, na kama ni wa ukoo au mgeni. Mgeni hufukuzwa, pengine akauawa.

Anayekusanya nyasi hizo kwa uchunguzi, kama mimi, hatakiwi kuzitia harufu yake. Kwa hiyo miaka yote nimeoga kwa sabuni isiyo na manukato, nikaanika nguo mbali na moshi wa jikoni, na marashi ninayoletewa nikawagawia watu. Shangazi zangu walisema ndiyo sababu sikuolewa. Niliwaacha waseme, midomo ni yao.

Kisha kisukari kikamnyang'anya mama macho, na uzee ukaanza kumnyang'anya majina. Kule Mau Narok, katika nyumba aliyoijenga kwa pesa za viazi, akaanza kututambua kwa njia yake: mtu akiingia alimshika mkono, akauleta puani. Dada yangu, anayemtunza, ana harufu ya maziwa na moshi. Kaka yangu ana ya dawa ya kuogeshea kondoo, haimtoki hata Jumapili. Wote aliwataja papo hapo. Sauti hakuziamini tena. Alisema hata redio ina sauti.

Mkono wangu aliunusa mara mbili, akaurudisha polepole pajani mwangu.

"Huyu ni nani?" akamuuliza dada. "Mbona hana harufu?"

Nilitoka nikalia nyuma ya ghala la viazi kama mtoto. Kwamba asiye na harufu ya ukoo ni mgeni, nimelifundisha darasani bila kupepesa jicho. Safari iliyofuata nilijipaka yale mafuta ya mgando aliyotupaka utotoni. Aliyanusa, akasema kwa adabu kwamba mgeni ni mtu safi, na kwamba apewe chai. Niliinywa. Mama alikuwa anakwisha, nami niliogopa kwamba angeondoka bila kunijua, na hakuna kitu nilichowahi kusoma ambacho kingenisaidia.

Siku dada alipopiga simu kwamba mama amekataa hata uji, nilikuwa nimelala kifudifudi ndani ya pango ambalo fisi walikuwa wamelihama, nikikwangua kuta zake kupata sampuli. Kazi hiyo haina usafi. Sikupitia nyumbani kuoga. Nilipanda milima nikiwa na nguo zilezile, madirisha ya gari wazi. Mlangoni dada alinizuia, kitambaa puani.

Akaniambia, "Si ungeoga kwanza? Mama ni mgonjwa, na wewe unanuka hivyo."

Alikuwa na haki. Wafugaji wote wa kondoo wanaijua harufu ile, na hakuna anayeipenda. Nilikuwa nimeshageuka kwenda bombani niliposikia kitanda kikilia. Mama alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, uso umeelekea mlangoni.

"Wacha aingie," alisema. "Ni nani mwingine anaweza kuja kwangu akinuka fisi?"

Nikaingia, nikampa mikono yote miwili.