Mhadhiri Aliyeimarika Zaidi

Wanafunzi walimwita Bibi Kwa Nini, na mwenyewe alijua. Alifundisha uhandisi wa majengo, mwaka wa tatu, kwa miaka kumi na tisa, katika darasa lilelile la ghorofa ya kwanza ambalo feni yake huzunguka ikitaka. Slaidi hakuwa nazo. Aliingia na kipande cha zege kilichovunjika, nondo zimechomoza, akakibwaga mezani na kumnyooshea mtu kidole. "Hii imevunjika hapa. Kwa nini haikuvunjika pale?" Ukijibu, anauliza tena kwa nini. Ukibabaika, anakurudisha mwanzo. Walimlalamikia mpaka siku ya kuhitimu, halafu wakawa wanampigia simu kutoka kwenye majengo waliyokuwa wakiyasimamia.

Mimi si mwalimu. Ni karani wa Ofisi ya Ubora: chumba kimoja, makabati matatu na printa inayotafuna karatasi. Kazi yangu ni fomu za tathmini. Wanafunzi wanawapa wahadhiri alama, mimi naziingiza kwenye kompyuta. Mwenye wastani mzuri kuliko wote anapata tuzo ya ufundishaji bora. Wa mkiani anaandikiwa barua na kutakiwa atengeneze mpango wa kujirekebisha. Kwetu sisi ubora una tarakimu mbili baada ya nukta, basi.

Mwaka ule bosi wangu, mkurugenzi wa ubora, alirudi kutoka semina amechangamka kupita kiasi. Tangu zamani, kwenye fomu zetu moja ilikuwa nzuri sana na tano mbaya kabisa. Akaniambia nigeuze, maana vyuo vingine vyote tano ndiyo nzuri. Nikageuza. Maelezo nikayaweka chini ya ukurasa kwa herufi ndogo, kwa sababu juu nembo zilikuwa zimejaa. Sikupita madarasani kuwaambia wanafunzi. Hilo ni kosa langu, simsukumii mtu.

Wa mwaka wa kwanza hawakuwahi kuiona fomu ya zamani, kwa hiyo walisoma na kujaza sawasawa. Wa mwaka wa tatu walikuwa wameshaijaza mara nne, mkono ulikwenda wenyewe. Nikaanza kuingiza za Bibi Kwa Nini. Moja, moja, moja, mbili, moja. Chini ya moja ya fomu hizo mtu kaandika, "Ndiye pekee aliyenifanya nifikiri." Mwingine kaandika, "Tafadhali asistaafu." Kufika fomu ya sita nilikuwa nimeshaelewa. Nikaendelea kuingiza hadi ya themanini na moja.

Wiki mbili baadaye nilimwambia bosi. Sitaki kujitia malaika: nilimwambia kwa sauti ya chini, nikiomba asisikie. Alisikia.

"Ripoti imeshafika kwenye baraza la chuo," alisema. "Cheti cha mshindi kimeshachapwa. Unataka nikawaambie Ofisi ya Ubora haijui kutengeneza fomu?"

"Lakini bosi, mama wa watu..."

"Ataandikiwa barua, ataandika mpango, yataisha. Kwani anafukuzwa kazi?"

Mshindi alikuwa mhadhiri wa mwaka wa kwanza, mtu mpole asiye na ubaya na mtu, anayesoma slaidi zake kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho na kumaliza kabla ya muda. Alipopewa cheti nilimpigia makofi. Sikuona aibu wala hasira. Sikuhisi kitu.

Wiki iliyofuata Bibi Kwa Nini alikuja ofisini, barua mkononi. Hakuketi.

"Mdogo wangu, naomba nizione fomu zangu."

"Fomu hazionyeshwi, mwalimu. Ni siri ya wanafunzi."

"Sawa. Wewe umeziona kwa macho yako. Alama hizi ni za kweli?"

Bosi alikuwa upande wa pili wa kabati, anakoroga chai. "Ni za kweli, mwalimu," nikasema.

Akaikunja barua mara nne, akashukuru, akatoka. Nyumbani nilimsimulia mke wangu. "Baba watoto, si ukamwambie tu?" Nikasema nitamwambia kesho. Nikasema hivyo siku nyingi, mpaka mke wangu akaacha kuuliza.

Mpango wake niliupokea mimi na kuupiga muhuri. Atatumia slaidi. Hatamnyooshea mwanafunzi kidole. Hatamwuliza swali mtu ambaye hakunyoosha mkono. Nilipopita nje ya darasa lake muhula uliofuata nilimsikia akisoma, sauti moja, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Wanafunzi, sasa wakiijua fomu mpya, walimpa nne nukta sita tatu. Mtahini wa nje aliandika kwamba nusu ya darasa walichora boriti ya zege wakaweka nondo kuu juu badala ya chini, nyumba ingewaangukia watu. Fomu yetu haina kisanduku cha jambo hilo.

Bosi alifurahi mno. Akabuni tuzo mpya, ya mhadhiri aliyeimarika zaidi, na Bibi Kwa Nini akapanda jukwaani kuipokea. Baada ya hafla nilimfuata kwenye korido na daftari la kusainia tuzo. Ndipo ulimi ukafunguka. Nikamweleza yote, tangu herufi ndogo hadi chai ya bosi.

"Najua," alisema. "Wanafunzi waliniambia siku ileile niliyotoka kwako. Walikuja wanane, wanataka wamwendee mkurugenzi wako. Nikawazuia. Nikawaambia yule karani ni mtu mzima, ameziona fomu, atakuja mwenyewe."

Nikamsogezea daftari na kalamu.

"Nilikusubiri muhula mzima," alisema. "Halafu nikachoka."

Akasaini, akanirudishia kalamu, akaenda darasani kusoma slaidi.