Macho ya Mama na Mashimo ya Kerende

Macho ya mama yalianza kubadilika rangi wakati ule ambapo Kerende yote ilikuwa imehamia kwenye dhahabu, hata walimu wakiacha chaki na kushika sururu. Yalianza pembeni, kisha weupe wote ukawa manjano. Mahali pengine popote watu wangesema huyu ni mgonjwa. Kwetu walisema dhahabu imemwingia.

Sitanii. Wanaume ambao hawakuwahi kupita uani kwetu hata kusalimia walianza kuja asubuhi, wakakaa karibu na jiko, wakamtazama. Mama akiinua uso kutoka kwenye sufuria, nao wanainua nyuso zao. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mdomo wangu haukuwa na breki, nikawauliza kama wamekuja kununua. Hakuna aliyecheka. Mmoja alisema taratibu, "Mwache mama yako apumzike. Amebeba kitu."

Mama alikuwa akijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka anatoka damu. Maumivu ya chini ya mbavu za kulia, yaliyomsumbua miaka mingi, sasa yalimwangusha chini popote yalipomkuta. Nilitaka apelekwe hospitali. Baba alitaka kaka yake aulizwe kwanza.

Baba mkubwa alikuwa msomaji wa matumbo. Kwetu Wakurya mbuzi huchinjwa, utumbo ukatandazwa juu ya majani, na mzee anayejua huufuata kwa kidole, pole pole, akitafuta habari ya nyumba ile. Aliufuata, akafika kwenye nyongo, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa imejaa, inang'aa.

"Mura," alimwambia baba, akimwita kijana kwa Kikurya, "njia iko wazi. Mtembeze mke wako. Pale atakapoanguka, chimba."

Walimtembeza. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilikuwepo, nilimshika mkono wa kushoto. Tulizunguka shamba la mihogo nyuma ya nyumba, na nyuma yetu wanaume wenye sururu walitembea kwa hatua nyepesi, kama watu wanaofuata ndama asishtuke. Karibu na kichuguu maumivu yalimkata, akapiga magoti. Kabla sijamwinua, sururu ya kwanza ilikuwa imeshapiga ardhi karibu na mguu wake.

Na dhahabu ikatoka. Kidogo sana, ya kuenea juu ya ukucha, lakini ikatoka. Mpaka leo hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Laiti ardhi ingekuwa tupu, wangemwacha siku ileile. Badala yake walimtembeza wiki tatu zaidi, na kila alipoanguka palichimbwa, mpaka mihogo ikaisha. Mama aliacha kulalamika. Siku moja alinivuta karibu akaninong'oneza, "Mwanangu, nimewasikia wakibishana kama nikifa nitaendelea kuonyesha."

Nilimwambia baba nampeleka mama kwa mdogo wake anayeishi kijiji cha Susuni, akaombewe. Uongo mtupu. Alikubali kwa sababu maombi hayamzuii mtu kurudi. Sisi tukapitiliza hospitali.

Daktari, mwanamke wa makamo, alimpaka mama kitu cha baridi tumboni, akasoma kwenye kioo cha mashine yale ambayo baba mkubwa alikwenda kuyatafuta kwa mbuzi. "Mfereji wa nyongo umeziba," alisema. "Kuna mawe."

Nilimuuliza mawe yanaingiaje tumboni mwa mtu.

"Hayaingii. Yanatengenezwa humo humo. Nyongo ina mafuta, tunayaita lehemu, yakizidi yanaganda. Na nyongo ikikwama, ikapata vijidudu, yale mafuta yanaharibika, kama samli iliyochacha. Yakishaharibika yanauchoma ukuta wa mfereji, kidogo kidogo, miaka. Mawe tutayatoa. Ukuta ndio unaonitia wasiwasi." Kisha akaniangalia. "Mlikuwa mnasubiri nini?"

Nilisema barabara ilikuwa mbaya.

Mawe yalitolewa. Macho yakarudi kuwa meupe, tukafurahi, tukarudi nyumbani. Halafu manjano yakaja tena, na safari hii daktari alisema ni saratani, imeota kwenye ukuta ule. Nilimuuliza kama wiki zile zingebadilisha kitu. Alisema huenda ilianza zamani, huenda ingewahiwa, hawezi kujua. Mimi pia siwezi kujua, na hilo linanitia hasira hadi leo. Wale wanaume hawakuja tena kumtazama. Baba mkubwa alikuwa amewaambia kitu kimeshatolewa hospitali.

Mama alipofariki, baba alikataa msaada, akasema kaburi la mke wake atachimba mwenyewe. Alikuwa analia kweli, machozi yanadondokea mpini. Shimo lilipomfika kiunoni aliinama, akaokota bonge la udongo, akalitemea mate, akalisugua kwa kidole gumba na kuligeuzia kwenye jua. Sidhani alijua anachofanya. Wanaume waliosimama pembeni waliacha kuimba, wakarefusha shingo waone.

Na mimi niliangalia.