Daftari la Likizo Lilivyofika Bendera

Mwaka ule shule zilipokaribia kufungwa mwezi wa sita, nilikuwa nimejipanga. Nilichukua karatasi ya manila, nikachora ratiba ya nyumba nzima, nikaibandika ukutani: nani anaosha vyombo, nani anachota maji, saa ngapi za kusoma, saa ngapi za kucheza.

Mimi ni fundi cherehani hapa Same mjini. Nashona sare za shule, na wazazi hukumbuka sare shule zikishafungwa. Kwa hiyo majuma ambayo watoto wako nyumbani ndiyo yale yale ambayo sitakiwi kuinuka kwenye cherehani. Mume wangu ni dereva wa lori, safari za Tunduma, na nyumbani hupita kama mgeni. Watoto ni watatu: binti wa darasa la saba, mvulana wa darasa la tatu, na kitinda mimba wetu, msichana wa chekechea.

Ratiba yote ilimtegemea binti mkubwa. Siku ya kufunga shule akarudi na barua: darasa la saba wataendelea na masomo likizo nzima, asubuhi mpaka saa tisa alasiri.

"Mwalimu amesema ni lazima, mama," akaniambia, na nikaona hakusikitika sana.

Nilijaribu siku mbili. Siku ya kwanza mvulana alikata kitambaa cha buluu cha mteja akafungia mpira wake wa mifuko ya nailoni. Siku ya pili yule mdogo aliingiza kifungo puani, tukashinda zahanati mpaka kikatolewa. Nikampigia mume wangu simu nikamweleza yote. Akasikiliza vizuri, kisha akasema, "Hapo sasa ungepanga ratiba." Nikakata simu.

Aliyeniokoa, au nilidhani ameniokoa, ni mama mkwe wangu anayeishi Mamba, huko mlimani. "Niletee watoto," alisema. "Chakula kipo." Jumamosi nikawapandisha wale wawili wadogo. Mvulana nilimfungashia daftari la kazi ya likizo alilopewa na mwalimu wake, kurasa za hesabu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nikamwomba bibi yake amsimamie, kila siku ukurasa mmoja. Kwa mtoto yule, ukurasa mmoja wa hesabu ni kazi ya kusukumana tangu chai mpaka chakula cha mchana.

Kesho yake simu ikaita.

"Huyu mdogo mbona hana sweta?"

"Shikamoo, mama. Masweta mawili yako chini kabisa kwenye begi."

"Marahaba. Hayo nimeyaona. Yale ni mashati."

Siku iliyofuata: "Mvulana hali makande." Siku ya tatu: "Mvulana amemaliza makande yote, na ya babu yake. Kwani huko mjini mnampa nini?" Kila simu ilinikuta katikati ya mshono, na kila simu nilijieleza kama mtuhumiwa. Baadaye zikakoma. Juma zima, kimya. Nikajidanganya kwamba kimya ni amani, nikashona.

Ijumaa ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa nikapanda Mamba kuwachukua. Ukungu ulikuwa haujaachia. Nilimkuta mama mkwe uani anaosha tangawizi kwenye beseni, na binti yangu mdogo kando yake, tope mpaka viwikoni, amevaa koti la mtu mzima. Tukasalimiana. Nikakaa. Nikangoja mtoto wa pili atokee.

"Mama, mwenzake yuko wapi?"

"Yuko Bendera."

"Bendera ipi, ya huko tambarare?"

"Bendera ziko ngapi? Baba yake mdogo alipita hapa, mtoto akataka kuona mpunga, wakaenda."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

Nilimuuliza kwa nini hakunipigia. Akasema simu haikuwa na chaji, na zaidi ya hapo, mtoto amekwenda kwa baba yake, si kwa mtu baki. Nikaosha naye tangawizi, nikizisugua kuliko ilivyohitajika. Mjini nilikuwa nimeacha sketi kumi na mbili zisizo na mikanda.

Asubuhi nikampakata mdogo kwenye bodaboda mpaka tambarare, tukadaka gari la kwenda Bendera. Kule chini joto lilikuwa linatungoja. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alitupokea kwa furaha, akatupeleka moja kwa moja shambani. Mpunga ulikuwa umeanza kukauka, na juu yake zilipita kamba ndefu kutoka mti hadi mti, zimening'inizwa karatasi nyeupe zinazopepea. Katikati kulikuwa na dungu, kile kichanja cha kulindia ndege, na juu ya dungu mwanangu, mweusi kwa jua, anapiga debe na kupayuka kwa sauti iliyokauka.

Nikashika karatasi ya kwanza. Mwandiko niliujua.

"Hili ni daftari lako?"

"Ndiyo, mama," akasema huku anashuka. "Kwelea wanaziogopa zikipepea."

"Daftari la mwalimu umewafungia ndege?"

"Nimefunga zile nilizomaliza tu. Baba mdogo alinikataza kuchana ukurasa kabla sijaufanya."

Nikamgeukia shemeji. Akawa anatazama mfereji. "Amelimaliza lote, shemeji," akasema polepole. "Siku nyingine alifanya kurasa tano, maana upande ule wa mwisho wa shamba ulikuwa bado mtupu."

Nilitaka kugomba, na kwa kweli niligomba, lakini maneno hayakukaa sawa. Miaka mitatu nimemsukuma mtoto yule kwenye hesabu kwa kubembeleza na kwa fimbo, na kwelea wamemsomesha kwa siku nane. Hata majibu yenyewe yalinikera: tisa mara saba aliandika hamsini na nne, na ukurasa huo ulikuwa na kinyesi cha ndege.

Nikaanza kufungua karatasi, kamba baada ya kamba. Shemeji alinifuata nyuma. "Na ndege, shemeji?" aliuliza. Nikampa kitenge changu cha pili akichane. Mvulana hakulia, ila alikataa kunishika mkono mpaka tulipofika barabarani.

Jumatatu shule ilifunguliwa. Nilimpeleka mwenyewe kwa mwalimu wake, na kurasa zote nikiwa nimezipanga kwenye bahasha, kila moja na tundu kwenye kona. Mwalimu akazipekua, akanusa moja, akamtazama mwanangu.

"Zimefanyiwa wapi hizi?"

"Shambani," akajibu, kwa ile sauti yake iliyokauka.

Mwalimu alichukua kalamu nyekundu akamwambia akakae. Mimi nikaenda kumwacha mdogo chekechea, nikarudi nyumbani, nikafunga mlango kwa ndani. Walibisha wateja wawili, watatu. Nililala mpaka saa saba mchana.