Mtama wa Mama Kijacho

Mama kijacho huyu alikuwa fundi cherehani, na kwa kushona gauni hakuwa na mpinzani. Lakini tumbo lake, jamani! Mimba iko mwezi wa tano, yeye anaharisha, amekonda, nguo zake anazipunguza badala ya kuziongeza. Daktari alimpima akakuta ana ugonjwa wa siliaki: ngano na shayiri zinamharibia utumbo, chakula hakimfaidishi yeye wala mtoto. Mkate, keki, biskuti, marufuku maisha yote.

"Na mtoto ni mdogo kuliko umri wake," daktari akaongeza. "Uzito usipopanda ndani ya mwezi mmoja, nakulaza."

Fundi aliogopa sana. Alikwisha kupoteza mimba mbili, ya tatu hakutaka hata kuifikiria.

Siku hiyohiyo mama mkwe akaingia na mkoba wake, akaliteka jiko. Chekeche la unga wa ngano likatupwa, mwiko wa zamani ukatupwa, biskuti za wageni zikahamia kwa jirani. Asubuhi uji wa mtama, mchana wali, jioni uji tena. Wiki mbili zikapita, tumbo na visa vyake vilevile, mizani haikusogea.

Hapo ndipo nyumba ilipochafuka. Mama mkwe alianza kupekua droo ya cherehani akitafuta makombo.

"Mwanangu, kama unadokoa keki, sema tu yaishe."

Fundi alilia kwa uchungu. Na yeye, kimoyomoyo, alikuwa na hakika mama mkwe anatia ngano kwenye mchuzi ili uwe mzito. Mumewe, msaga nafaka aliyeitwa Bwana Unga mtaa mzima, akajifanya hakimu.

"Acheni kugombana! Mtama wake si nausaga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu? Simwachii mtu!" Kifua mbele, kama kashinda uchaguzi.

Kesho yake mama yake alimpelekea chakula mashineni. Akamkuta anamalizia gunia la ngano la mteja, kisha, bila hata kuzima mashine, akamimina mtama wa mkewe juu yake. Ndiyo kazi yao, foleni ikiwa ndefu mashine haizimwi. Mtama ulikuwa mwekundu. Unga uliotangulia kutoka ulikuwa mweupe pe.

"Wewe! Hiyo nini?"

"Mtama, mama. Huo mweupe ni masalio ya ngano tu, ukichanganyika hauonekani."

"Hauonekani! Mjukuu wangu je, ataonekana?"

Akavua ndala. Wateja wakampisha kwa heshima zote, wengine wakamhesabia mapigo.

Tangu siku ile Bwana Unga, mwenye mashine ya kumeza magunia, akawa anatwanga mtama uani kwenye kinu kipya, tena baada ya kuoga na kubadili nguo. Viganja vikaota malengelenge. Majirani walicheka mbavu hawana.

Siku ya kliniki fundi alipanda mizani amefumba macho. Kilo moja na nusu juu! Na mtoto, daktari alisema, ameongezeka vizuri. Fundi akaangua kilio cha furaha.

"Nisamehe, mwanangu," mama mkwe akamshika mkono. "Nilikuona mdokozi."

"Na mimi nisamehe, mama. Nilidhani mchuzi wako una ngano."

Bwana Unga akasogea, viganja vimefungwa bendeji. "Na mimi je, hamniombi msamaha?"

Wakatazamana, mke na mkwe.

"Wewe nenda katwange," mkewe akasema. "Unga umeisha."