Maji ya Siku ya Kufungwa

Kinuyo hakuwahi kumsikia mchochea moto wa bafu la umma la mtaa wao, pale Osaka, akisema zaidi ya "haya". Aliijua mikono yake iliyobabuka, nyusi zake zilizoungua, na redio yake ndogo juu ya rundo la kuni nyuma ya ukuta. Hasira zake zilitokea majini. Timu ya besiboli ya Osaka ikifungwa, alizitupa kuni tanurini kama anayempiga mtu, maji ya bwawa yakawa moto kupita kiasi, na wanawake wakichovya kidole tu walijua matokeo. Jioni ile Tokyo walikuwa wameshinda nne kwa tatu, na aliyeangusha mpira wa mwisho alikuwa mwana wa mchochea moto mwenyewe.

"Mpira umemfika kiganjani, akashindwa kuudaka," alisema Masae, muuza samaki, huku akijisugua. "Ana mikono ya mapambo. Wamfukuze."

Kuni ziligonga nyuma ya ukuta.

"Mwenzangu, punguza sauti, baba yake anakusikia," Kinuyo alinong'ona.

"Asikie. Mama yangu angeudaka, naye haoni."

Kuni ziligonga tena na tena. Maji yakachoma mapaja, wenzao wakatoka wakilaani. Kinuyo, mwekundu hadi masikioni, alikataa kutoka. Hasira zilimpanda na yeye, akaupiga ukuta kwa ndoo.

"Mzee! Jua lilimwingia mwanao machoni. Nilikuwepo uwanjani, nimeona mwenyewe."

Masae alimkodolea macho. Kutwa nzima mawingu hayakuachia jua.

Kuni zilinyamaza. Kisha sauti nzito, ya mtu asiyezoea kuuliza, ikapita ukutani.

"Lilikuwa kali?"

"Kali sana, mzee."

Punde bomba la maji baridi likaanza kutiririka bwawani.