Redio ya sebuleni imehamia kona ya moto

Baba amethibitisha mchana huu: redio kubwa ya sebuleni imehama.

Aliyeagiza ni Mama Hansa, jirani yetu Mhindi hapa Nakuru. Kwa Vastu, kanuni zao za kupanga nyumba, redio inafaa kukaa kona ya kusini-mashariki, upande wa moto.

Shida ni kwamba Mama hasikii kwa sikio la upande huo. Na nyimbo za kwaya asubuhi ndizo raha yake.

"Basi tugeuze kiti," akasema Mama Hansa.

Tukakigeuza. Mama, aliyezoea kutazama mlango, akajikuta anatazamana na Baba.

"Kumbe umezeeka hivi, mzee?"

"Kwani ulikuwa unaangalia nani?"

Jumamosi Mama Hansa anarudi kupanga jikoni. Baba amesema kiti kisiguswe.